Ukosi Upate Hewa: Majibu kwa Wenye Nywele Ndefu Msimu wa Joto

Tangu Januari jua la Nairobi limekuwa kali, na barua zilizonifikia zinauliza jambo moja kwa sura nyingi: nywele ni ndefu, mwenyewe anazipenda, joto halivumiliki, afanye nini? Wengine wameshashika makasi. Tafadhali yawekeni chini kwanza, tuzungumze.

Kwa anayefungua ukurasa huu mara ya kwanza, mimi ni msusi. Kibanda changu kiko Kenyatta Market, karibu na wachoma nyama, na kusuka nilifunzwa na nyanya yangu Majengo, Pumwani, tukiwa tumekaa mkekani uani. Ninayoyaandika hapa ndiyo ninayowaambia wateja walioketi mbele yangu.

Kichwa na shingo hupoa jasho linapokauka. Hewa ikipita juu ya ngozi yenye unyevu, unyevu hukauka na kuondoka na joto. Nywele zikilala shingoni, jasho hubaki chini yake, halikauki, na ngozi inachemka ingawa nje kuna upepo. Kwa hiyo tunachotafuta ni njia ya hewa: ukosi uwe wazi, na kichwani ipatikane mistari ambamo ngozi inaonekana. Njia hiyo ifunguliwe bila kuvuta. Hapo kwenye kuvuta ndipo mnaponiumiza moyo, maana naona mapanja yaliyobaki matupu kwa wasichana wa miaka ishirini na kitu, na mara nyingi walianza kwa kutafuta nafuu ya joto tu.

*

"Habari yako, mama. Mimi ni karani, naishi Umoja na kazi iko mjini. Nywele zangu zimetiwa dawa na zinapita mabega. Mchana kwenye matatu, madirisha yamefungwa kwa sababu ya vumbi, shingo yote inalowa. Nimezoea kuzivuta zote juu ya utosi na kuzibana na raba mpaka zinang'aa. Jioni kichwa kinaniuma, na sasa nywele za mapanja zinakatika. Nikiziachia nateseka, nikizifunga nateseka."
Karani wa Umoja

Binti yangu, hiyo raba itoe leo. Nywele zikivutwa kila siku mahali pale pale, mashina yake huchoka. Kwanza yanatoa nywele nyembamba, halafu fupi, na mwisho ngozi hufanya kovu pasiote kitu tena. Ukiacha kuvuta mapema zinarudi, ingawa polepole, kwa sababu nywele za kichwa hukua kama sentimita moja tu kwa mwezi. Wewe uko hatarini zaidi kwa kuwa dawa ya kulainisha huvunja vifungo vinavyozipa nywele nguvu yake. Nywele za dawa na raba ya kukaza havikai nyumba moja.

Fundo lako tulifanye hivi. Asubuhi, chana nywele kwa chanuo la meno mapana, ukianzia nchani na kupanda juu. Zikusanye nyuma ya kichwa, juu kidogo ya usawa wa masikio. Ukizipeleka utosini zitavuta mapanja, ukizishusha hadi kwenye ukosi zitaziba pale pale unapotaka pawe wazi. Usifunge kitu chochote. Mkono mmoja ushike shina, mwingine uzisokote nywele upande mmoja tu, kama ni kulia basi kulia mpaka mwisho, hadi msokoto wenyewe uanze kujikunja. Ufuate unakotaka kwenda, uuzungushe kwenye shina lake, ncha uifiche chini.

Sasa pini, na hapa nisomeni taratibu. Wengi huzichomeka moja kwa moja kuelekea katikati, na fundo linaporomoka kabla matatu haijamaliza Jogoo Road. Chukua pini ya waya yenye umbo la herufi U, siyo kibanio bapa. Ishike ncha zikitazama nje, mbali na fundo. Nasa nywele chache za ukingoni mwa fundo, shusha pini mpaka iguse ngozi, kisha igeuze ncha zitazame katikati ya fundo, uisukume ndani. Utaisikia imeshika. Pini nne zinatosha hata kwa nywele nyingi: juu, chini, kulia, kushoto. Maduka ya vipodozi ya Dubois Road yanazo. Chagua zile zenye tone la plastiki kwenye ncha, na tone likidondoka, pini hiyo itupe, inakwaruza ngozi.

Ukimaliza, inua nyusi zako juu kabisa. Ukihisi ngozi ya paji la uso inavutwa, ingiza vidole viwili chini ya nywele za mbele, uzisukume nyuma kidogo hadi kichwa kitulie. Kesho fundo likae kushoto kidogo, keshokutwa kulia, mashina yapokezane kazi. Nywele fupi zilizokatika mapanjani ziache zikae zinavyotaka. Usizipake jeli ukazibandika kwa mswaki, zinahitaji kupumzika kuliko kupendeza. Na ukiamua kusuka, ngoja angalau wiki mbili baada ya kutia dawa.

*

"Mama msusi, salamu kutoka Kayole. Binti yangu ana miaka minane, nywele zake ni za asili, nzito, nikizinyoosha zinafika mgongoni. Darasa lao lina paa la mabati bila dari. Anarudi nyumbani jasho linamchuruzika na kichwa kinamwasha. Baba yake anasema tumnyoe kabisa. Mtoto analia. Nimfanyie nini?"
Mama wa Watatu, Kayole

Mama mwenzangu, mwambie baba watoto kwamba ana nusu ya ukweli. Ndani ya darasa, kivulini, kichwa kilichonyolewa hupoa upesi kwa sababu jasho linakauka bila kizuizi. Lakini mtoto hakai darasani siku nzima. Anatembea kwenda na kurudi, anacheza uwanjani saa nne na saa saba, na jua letu la juu huku, karibu na mstari wa ikweta na kwenye mwinuko wa kama mita 1,800, linashuka moja kwa moja utosini. Mwezi Machi ndio usiseme.

Juani nywele zake ni ngao. Mwaka 2023 wanasayansi walichapisha katika jarida la PNAS la Marekani jaribio walilolifanya kwa sanamu ya mtu inayopashwa joto. Waliivalisha mawigi ya nywele za binadamu, moja la nywele zilizonyooka, moja lenye mawimbi, moja la nywele zilizojikunja sana za aina yetu, wakaimulika kwa taa mfano wa jua. Kichwa kitupu ndicho kilichopokea joto jingi zaidi la jua. Kila wigi lilipunguza, na lile la nywele zilizojikunja liliyashinda mengine yote. Nywele zetu hazilali juu ya ngozi, zinasimama, na kati ya jua na ngozi kunabaki nafasi. Niliposoma habari hiyo nilifurahi sana, kwa sababu wasichana wengi wamelelewa wakiambiwa nywele zao ni mzigo.

Kwa hiyo msimnyoe mtoto anayelia. Msukeni. Na kabla ya kufikiria matuta, nakuomba ujaribu uzi.

Vijana wa siku hizi wameusahau uzi, au wanauona ni wa kina nyanya wa kijijini. Kwa mtoto mwenye nywele nzito na joto la mabati sijaona kinachoushinda. Jumamosi mwoshe kichwa, mpake mafuta kidogo sana ya nazi kwenye nywele, siyo kwenye ngozi, uache zikauke mpaka zibaki na ubichi wa mbali. Gawa kichwa mafungu ya mraba, mapana kiasi cha vidole vitatu. Kata uzi mweusi wa pamba, ule mnene, urefu wa mkono wako. Shika fungu moja karibu na ngozi, lakini uache nafasi ya unene wa njugu kabla ya kuanza, usifungie kwenye ngozi yenyewe. Zungusha uzi mara tatu kwa ulaini, kisha teremka nao, mzunguko baada ya mzunguko, ukiacha upenyo mdogo ambamo nywele zinachungulia. Mkono unaoshika fungu ndio unaonyoosha, ule wa uzi unafuata tu. Ukikaribia ncha, kunja ncha irudi juu, zungusha, funga.

Mafungu yote yakiwa tayari, yakunje kuelekea katikati ya kichwa na uunganishe ncha ya moja na shina la jirani yake. Yanasimama juu ya kichwa kama vipini vya vikapu, na hewa inapita chini yake kutoka pande zote. Ukosi uko wazi, masikio yako wazi, hakuna nywele inayogusa shingo. Nyanya yangu alitufanyia hivyo kila kiangazi na tulilala usingizi mzuri. Faida nyingine: baada ya wiki, ukiufungua uzi, nywele zimenyooka bila moto wa aina yoyote, na kuzisuka upya ni kazi rahisi.

Ikiwa shule inataka matuta pekee, basi msuke twende kilioni kwa nywele zake mwenyewe, mistari minane au kumi iendayo nyuma, bila kuongeza nywele za bandia. Mtoto wa miaka minane hahitaji kubeba plastiki kichwani. Mwambie msusi mistari ya ukosini aianzie chini na kuipandisha juu, ikutane na mingine karibu na utosi, ncha zifungwe kwa kitambaa laini. Matuta huacha njia za ngozi wazi, na huo ndio ubaridi wake, ila njia hizo hizo hupigwa na jua, kwa hiyo awe na kofia ya kitambaa ya kuvaa wakati wa kucheza. Usiku wa kwanza mtazame pembeni mwa paji la uso. Ukiona vipele vidogo vyeupe kwenye mashina, au akishindwa kulala kwa maumivu, fumua hiyo mistari ya mbele usiku huo huo. Usimwambie avumilie. Pesa ya msusi imekwenda, nywele zisiende.

Kuhusu kuwashwa: tenganisha nywele mwangani, uangalie ngozi yote. Jasho na vumbi huisha kwa kuoshwa. Ukiona mabaka ya mviringo yenye magamba, au mahali nywele zimekatika karibu na ngozi, hayo huenda ni mapunye, mashilingi kama wanavyoyaita wengine, na ya kichwani hayaponi kwa kupaka marhamu peke yake. Mpeleke kliniki apewe dawa ya kumeza. Kitana chake asikitumie mwingine nyumbani.

*

"Je, mafuta ya minti yanapoza kichwa kweli? Rafiki yangu anayapaka kila asubuhi."
Msomaji wa Rongai

Hapana. Mentholi iliyomo huamsha mishipa ile ile ya fahamu inayohisi baridi, kwa hiyo unasikia ubaridi ilhali ngozi haijapoa. Ukishaisha, umebaki na mafuta yanayonasa vumbi la Magadi Road. Beba chupa ndogo ya kupulizia yenye maji matupu. Pulizia kwenye mistari ya ngozi na kwenye ukosi, halafu simama penye upepo. Hayo maji yakikauka yanaondoka na joto la kweli.

*

"Assalaam aleikum, mama. Shikamoo. Nywele zangu ni laini na zinafika kiunoni. Nazifunika kwa mtandio tangu asubuhi hadi jioni. Naziosha alfajiri, nazifunga zikiwa bado na maji kwa sababu nawahi kazini. Ikifika adhuhuri kichwa kinawasha na kina harufu ya ubichi, na mba umeanza. Mama yangu anasema nipake mafuta mengi. Sitaki kuzikata."
Mwenye Mtandio, South C

Wa aleikum salaam, mwanangu. Marahaba. Hakuna haja ya kuzikata.

Shida yako kubwa ni ule unyevu wa alfajiri. Nywele za urefu huo, zikifungwa mbichi na kufunikwa, hazikauki mpaka jioni, na siku nzima ngozi inakaa kwenye mvuke. Kuvu wa mba huishi kwenye kichwa cha kila mtu bila kumdhuru. Akipata joto, unyevu na mafuta, anazaana. Kwa hiyo mama yako nimheshimu, lakini mafuta mengi yasipakwe kwenye ngozi yenye mba. Kuvu huyo chakula chake ni mafuta.

Osha jioni ukitoka kazini. Zikamue kwa fulana kuukuu ya pamba, usizisugue kwa taulo, na uzilaze wazi mgongoni mpaka zikauke. Feni husaidia, stima ikiwepo. Kwa mba nenda duka la dawa uulize shampuu yenye ketokonazo asilimia 2. Ipake kwenye ngozi, siyo kwenye urefu wa nywele, iache kama dakika tano, ndipo uisuuze. Fanya hivyo mara mbili kwa wiki, kwa wiki mbili hadi nne. Wengi wanaipaka na kuimwaga papo hapo, kisha wanasema haifanyi kazi. Isipokusaidia, muone daktari wa ngozi.

Asubuhi, nywele zikiwa kavu kabisa, zigawe njia ya katikati kutoka paji la uso hadi kwenye ukosi. Suka mikia miwili ya kawaida, nyuzi tatu tatu, ukianzia nyuma ya masikio. Usiikaze mwanzoni, kaza kidogo kuanzia katikati. Kisha mkia wa kulia uupitishe kushoto nyuma ya kichwa, wa kushoto uupitishe kulia, ipishane juu ya ukosi, na ncha zibanwe kwa pini nyuma ya masikio. Inalala bapa, haifanyi nundu chini ya mtandio, na najua wengi wenu hampendi fundo refu la juu. Ukosi hauguswi na nywele, na ile njia ya katikati inaruhusu hewa kupita ndani ya kitambaa.

Kitambaa nacho kina neno lake. Kofia ya ndani ya poliesta, ile inayovutika na kung'aa, haisharabu jasho. Tafuta ya pamba, uwe nazo tatu au nne, ya leo usiivae kesho kabla ya kuifua. Eastleigh zipo za kila rangi. Mtandio wa juu uwe voili au pamba nyepesi, rangi ya mwanga kwa siku za kutembea juani. Ukifika nyumbani vua vyote, fumua mikia, upitishe vidole kwenye ngozi. Wanawake wenye nywele ndefu wanaonijia wakiwa na afya ya kichwa, karibu wote wana desturi hiyo ya jioni.

*

"Mama, wiki ijayo nakwenda Mombasa kwa treni, harusi ya binamu. Nataka rasta ndogo ndogo zisizo na fundo, hadi kiunoni. Dada yangu anasema nitaungua. Anasema kweli?"
Binti wa Lang'ata

Anasema kweli. Nywele za bandia ni plastiki. Hazinywi jasho, zinalifungia kwenye mashina. Nairobi unaweza kuvumilia kwa sababu jioni kunapoa na hewa si nzito, lakini Mombasa hewa yenyewe imejaa maji, jasho halikauki upesi hata kwa mwenye nywele fupi. Kichwa kizima cha rasta za kiunoni, kikilowa, ni uzito ambao shingo yako itaulalamikia kabla ya bibi harusi kutoka ndani.

Zikome mabegani, mafungu yawe makubwa ili mistari ya ngozi ionekane. Na mwombe msusi wako jambo ambalo wateja wachache hulijua: mafungu ya ukosini, safu mbili za chini kabisa, yasisukwe yakining'inia. Yasukwe yakilala kuelekea juu. Ukija kuinua nywele zote, hizo za chini zinapanda bila kuvutwa, kwa sababu tayari zinaelekea huko. Rasta zilizosukwa zikielekea chini, kila ukiziinua unazing'oa kidogo kidogo, na nywele za ukosini ni laini mno, zikienda huchelewa kurudi.

Siku moja kabla ya kusukwa, loweka nywele za bandia kwenye beseni la maji yenye kikombe cha siki. Utaona utando mweupe ukielea. Huo ndio unaowawasha watu wengi, nao hudhani ni mba. Suuza, anika.

Ukiingia baharini, chumvi itolewe kwa maji baridi jioni hiyo hiyo. Kamua kwa kitambaa, keti nje penye upepo mpaka mashina yakauke, ndipo ufunge. Usilale na kichwa kibichi. Na msusi akikaza mpaka macho yanavutwa, sema hapo hapo kitini. Wasichana wengi hunyamaza, wakienda nyumbani wanameza dawa ya maumivu na kulala wamekaa. Msusi anayejua kazi yake atafumua na kurudia bila kununa.

*

"Mama, mimi ni mwendesha bodaboda Kangemi, mwanaume, nina dredi zinazofika katikati ya mgongo. Nikizifunga juu helmeti haiingii. Nikinunua kubwa inacheza. Nikiziachia chini, shingo inaungua. Wenzangu wengi mchana wanaivua na kuitundika kwenye kioo."
Dredi za Waiyaki Way

Kijana wangu, asante kwa kuandika. Wanaume huniuliza haya kwa kunong'ona, kana kwamba nywele ni za wanawake peke yao.

Helmeti isitoke. Sheria inaidai, na wewe unapita Waiyaki Way kati ya malori. Inayocheza pia haifai, maana ukianguka itatoka kabla kichwa hakijagusa lami. Nunua inayobana mashavu vizuri kichwa kikiwa hakina fundo lolote, kisha nywele ndizo zifuate helmeti.

Gawa dredi mafungu mawili kwa njia ya katikati, kutoka paji la uso hadi kwenye ukosi. Kila fungu lisukwe mkia mmoja mnene, ukianzia chini ya ndewe ya sikio, pale ukingo wa helmeti unapoishia. Ukianzia juu zaidi, helmeti itakandamiza mwanzo wa mkia na kuuma siku nzima. Ilete mikia yote miwili mbele, juu ya kifua, uitie ndani ya lile koti lako la kuakisi mwanga. Ukosi unabaki mtupu kabisa, na ukiendesha upepo unapita hapo. Funga ncha kwa kitambaa, siyo raba, dredi hukatika palipobanwa na raba.

Chini ya helmeti vaa kofia nyepesi ya pamba na uibadilishe kila siku. Sponji la ndani ya helmeti kama linatoka, lifue kila wiki na kulianika. Kama halitoki, lipanguse kwa kitambaa chenye maji ya sabuni na uiache helmeti juani ikiwa imepinduliwa.

Kuosha usikuache kwa kuogopa kwamba hazikauki. Dredi zilizojaa jasho na vumbi la barabara zinawasha kuliko zilizooshwa. Ila chagua siku usiyofanya kazi, na uoshe asubuhi, siyo jioni. Zikamue moja moja kwa taulo la pamba, kuanzia shinani kuteremka, halafu ukae juani. Ikifika saa sita mchana, kwa nje zitaonekana zimekauka, usidanganyike. Bonyeza dredi nene kuliko zote katikati, kwa kidole gumba na cha shahada. Ikiwa bado baridi ndani, ina maji. Ukizisuka hivyo zitaota ukungu, na harufu hiyo ikishaingia katikati ya dredi ni vigumu sana kuitoa.

Wapo watakaokushauri unyoe safu ya chini ya ukosini ili upate hewa. Inasaidia, na wateja wangu kadhaa wamefanya, lakini dredi ukizinyoa unaanza upya na inachukua miaka. Jaribu kwanza mikia ya mbele kwa mwezi mzima wa joto. Ukiona bado unateseka, safu moja tu, ya chini kabisa, na kinyozi aipitie mara kwa mara isije ikaanza kuchoma kola. Stejini, mkiwa kivulini mkingoja abiria, vua helmeti na kofia ya pamba, fungua mikia, uache kichwa kikauke kabla ya safari inayofuata.